Mgonjwa Asiyepona Naye Ana Haki Yake



Zingatia kisa cha Mwadui, katika nchi ya Shinyanga. Mwaka 1940 Dakta John Williamson, mtu wa Kanada, aligundua hapo almasi zilizomfanya tajiri wa kutajika duniani. Januari 1958 alikufa huko huko Mwadui kwa saratani ya koo, hajatimiza miaka 51. Na huko Geita, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa kwa mitambo katika miaka ya 1930, vumbi la mwamba likimwingia mchimbaji mapafuni humbana pumzi, wala hakuna dawa ya kuyarudisha mapafu yake. Tajiri na kibarua, ajali ikifika, wote ni sawa.

Basi tabibu akisema mgonjwa hatapona, je, tukunje mikono? Hasha! Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliamuru apigiwe hema msikitini ili amzuru kwa karibu. Saad alikufa kwa jeraha lile, lakini hakuachwa peke yake.

Wako wasemao: maumivu ni kafara ya dhambi, mwacheni avumilie. Kafara ni kweli, lakini Mtume pia ametuamrisha kujitibu. Wengine huiogopa mofini wakidhani kuitoa ni kuua. Fahamu, ndugu yangu: kumpa mgonjwa dawa hiyo kwa kipimo cha tabibu, kwa nia ya kumpoza maumivu au kumpunguzia dhiki ya pumzi, ni tiba. Kuizidisha makusudi ili afe ni haramu, hata kwa kisingizio cha huruma. Na kuacha tiba isiyofaa tena, inayomtesa bure, si kumuua.

Wala dawa hii si ya matajiri tu. Jirani zetu wa Uganda wametutangulia: mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya maji ikawa inanywewa majumbani. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuiandika.

Basi aliye na mgonjwa nyumbani amtafutie dawa ya maumivu, amgeuze, amsafishe, amlowanishe midomo. Amuulize madeni na wasia angali na fahamu. Sakarati ikifika, amtamkie shahada kwa upole, asimkere kwa kuikariri mno.

Mwenyezi Mungu atujaalie mwisho mwema. Amin.