Ushanga wa Kombe: Sanaa Iliyotangulia Kioo

Historia ya mapambo katika pwani yetu mara nyingi huanzwa pale chombo cha mgeni kinapotia nanga, kikiwa kimesheheni shanga za kioo kutoka Bara Hindi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwanzo huo umecheleweshwa mno.

Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata ushanga wa kombe la baharini uliokadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 67,000 na 63,000. Katika Bonde la Ufa, huko Enkapune ya Muto, zimepatikana shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa miaka ipatayo 40,000.

Tukija karibu zaidi, yafaa tuyatazame makazi ya Tumbe, kaskazini mwa Pemba, yaliyostawi kati ya karne ya 7 na ya 10. Hapo vimefukuliwa vigae vingi vya vyungu vyenye mifereji. Fundi alivunja kombe, akavipunguza vipande pembe zake, akavitoboa, akavitunga uzini. Kisha akausugua mtungo katika mfereji wa kigae hata vikawa duara zinazolingana. Kwa hiyo chungu kilichovunjika hakikutupwa, bali kilifanywa chombo cha kazi. Katika karne zilizofuata shanga za kioo zilizidi kuingia, na sanaa hii ikafifia.

Lugha nayo ni shahidi. Neno kete ni jina la kombe dogo la baharini. Lakini wachezaji wa bao huziita kete hata komwe, ambazo ni mbegu za mmea. Kitu kimebadilishwa, jina limebaki, nalo latukumbusha jinsi wazee walivyotumia vya ufukweni na vya kichakani kwa shughuli nyingi.

Jambo hili si dogo. Mwanafunzi anayefunzwa kwamba wahenga wake walingoja jahazi ndipo wajipambe, hufunzwa pia kungoja. Chanda chema huvikwa pete, na ni kweli. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza pia ni mkono wa nani ulioitengeneza pete hiyo. Jibu moja limo katika kigae chenye mfereji, ambacho mpita njia angekidhani takataka.