Cheti cha kuzaliwa, msingi wa safari ya mtoto mchanga kwa ndege

Wazazi na walezi wa mikoa ya Mbeya na Iringa wanaotarajia kusafiri kwa ndege na watoto wachanga wanapaswa kuhakikisha kuwa mtoto amesajiliwa na ana cheti cha kuzaliwa kabla ya kukata tiketi. Mtoto ambaye hajatimiza umri wa miaka miwili, ingawa hupakatwa na mzazi na hakalii kiti chake, ni abiria kamili. Jina lake huingizwa katika orodha ya wasafiri, naye hupaswa kutambulika kwa nyaraka kama abiria mwingine yeyote.

Suala hili lina uzito wa pekee Nyanda za Juu Kusini. Tangu Uwanja wa Ndege wa Songwe ulipoanza kutoa huduma mwishoni mwa mwaka 2012, safari ya Mbeya hadi Dar es Salaam, ambayo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, imekuwa ya muda usiozidi saa mbili angani. Mkoani Iringa, huduma hiyo hutolewa kupitia uwanja uliopo Nduli. Miongoni mwa wanaohitaji usafiri huo ni wazazi wa watoto waliopewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mzazi wa namna hiyo hana siku za kufuatilia karatasi ambayo ingeweza kupatikana wiki ile mtoto alipozaliwa.

Nyaraka za safari ya ndani ya nchi

Kwa safari ya ndani ya nchi, ikiwemo ya kwenda Zanzibar, mtoto wa Kitanzania hahitaji pasipoti. Kwa kuwa Kitambulisho cha Taifa hutolewa kwa mtu aliyetimiza umri wa miaka 18, waraka wa msingi wa kumtambulisha mtoto mchanga ni cheti cha kuzaliwa. Mzazi anayesafiri naye anapaswa kuwa na kitambulisho chake halali.

Cheti hicho hufanya kazi mbili. Kwanza, huonesha mtoto ni nani na wazazi wake ni akina nani. Pili, huthibitisha umri, ambao ndio unaoamua nauli na mahali pa kukaa. Mtoto aliyetimiza miaka miwili hulipiwa kiti chake mwenyewe. Mashirika ya ndege huruhusu mtu mzima mmoja kumpakata mtoto mmoja tu, hivyo mzazi mwenye mapacha anapaswa kusafiri na mtu mzima wa pili au kupata maelekezo ya shirika kuhusu kiti cha mtoto wa pili.

Kadi ya kliniki ni kumbukumbu ya chanjo na maendeleo ya afya ya mtoto, nalo tangazo la kizazi ni taarifa kwamba mtoto amezaliwa. Nyaraka hizo hazichukui nafasi ya cheti. Mzazi ambaye bado hajapata cheti anapaswa kuwasiliana na shirika la ndege kabla ya siku ya safari ili kujua iwapo waraka alionao utakubaliwa, badala ya kusubiri kuuliza akiwa kwenye dawati la ukaguzi. Kwa mtoto mwenye umri wa siku chache, au aliye mgonjwa, ni vyema kuuliza pia kuhusu barua ya daktari inayothibitisha kuwa anaweza kusafiri angani.

Namna ya kupata cheti

Usajili wa vizazi Tanzania Bara husimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaitambua haki ya mtoto kuwa na jina na uraia, na inamtaka mzazi au mlezi kuhakikisha kuwa kizazi kinasajiliwa.

Mikoa hii ina historia katika suala hilo. Sensa ya mwaka 2012 ilipoonesha kuwa takriban asilimia 13 tu ya wananchi wa Tanzania Bara walikuwa na vyeti vya kuzaliwa, Serikali ilianzisha mpango wa kusajili watoto wa umri chini ya miaka mitano. Mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulijumuisha eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Songwe, ulikuwa wa kwanza kutekeleza mpango huo mwaka 2013. Iringa ilifuata mwaka 2016, pamoja na Njombe.

Kabla ya hapo, mzazi alipewa tangazo la kizazi, kisha alitakiwa kulipeleka makao makuu ya wilaya na kulipa ada ndipo apate cheti. Kwa mwananchi wa Makete au Chunya, nauli na siku za kazi zilizopotea zilitosha kumfanya aahirishe jambo hilo mwaka hadi mwaka. Mpango ulisogeza huduma hadi katika vituo vya tiba vinavyotoa huduma ya mama na mtoto na ofisi za watendaji wa kata. Cheti cha kwanza hutolewa bila malipo, na taarifa za mtoto hutumwa RITA kwa njia ya simu ya mkononi.

Mtoto aliyezaliwa kituoni husajiliwa kwa kutumia tangazo la kizazi alilopewa mama. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Kwa mtoto aliyetimiza miaka mitano, maombi hupelekwa kwa Msajili wa Wilaya, katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, au hufanywa kwa mtandao kupitia mfumo wa eRITA.

Umakini katika majina

Jina lililopo kwenye tiketi linapaswa kufanana herufi kwa herufi na la kwenye cheti. Tahadhari hii inawahusu zaidi wenye majina ya ukoo marefu, yakiwemo ya Kinyakyusa yanayoanza na “Mwa”, ambayo hutokea yakaandikwa kwa tofauti ya herufi moja kati ya kitambulisho cha baba na cheti cha mtoto. Mzazi anashauriwa kwenda kusajili akiwa na kitambulisho chake na jina kamili la mtoto ambalo familia imekwisha kukubaliana, kisha asome cheti kabla ya kuondoka ofisini. Makosa yakibainika baadaye, marekebisho hufanywa na msajili. Mtumishi wa uwanja wa ndege hana mamlaka hayo.

Safari ya nje ya nchi

Mtoto anayekwenda nje ya nchi, hata akiwa na umri wa wiki chache, anahitaji pasipoti yake mwenyewe. Maombi hufanywa kupitia Idara ya Uhamiaji, na miongoni mwa viambatisho ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nyaraka za uraia za wazazi na ridhaa yao. Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa tarehe 31 Januari, 2018, ada ya pasipoti ya kawaida ilikuwa Shilingi 150,000. Mzazi anapaswa pia kuuliza mapema kuhusu viza na chanjo. Chanjo ya homa ya manjano, kwa mfano, hutolewa kwa kawaida kuanzia umri wa miezi tisa.

Mtoto anaposafiri na mzazi mmoja au mlezi

Mtoto anaposafiri na mzazi mmoja, bibi, shangazi au mlezi mwingine, ni vyema msafiri awe na barua ya ridhaa ya wazazi, nakala za vitambulisho vyao na namba zao za simu. Barua iliyothibitishwa na ofisi ya Serikali ya Mtaa au Kijiji huongeza uhakika. Kwa safari ya nje ya nchi, barua hiyo inapaswa kuthibitishwa kisheria. Maswali ya maofisa katika hatua hii yana lengo la kumlinda mtoto dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, kosa linaloshughulikiwa na sheria ya mwaka 2008.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Mzazi anashauriwa kubeba cheti halisi katika mkoba wa mkononi na kuacha nakala nyumbani. Cheti kikipotea, atoe taarifa Polisi na kuomba nakala kwa msajili. Kwa familia ambayo haina safari yoyote leo, wakati mzuri wa kusajili mtoto ni siku anaporuhusiwa kutoka hospitalini, kwa kuwa rufaa ya matibabu haitangulizi taarifa.