Mchongo na stempu: tarehe fupi ya Lualaba

Katika karne ya 17 na ya 18, mafundi wa Ulaya walichonga mapango ya Noeli kwa mtindo wa Baroko: Mama Maria amepiga magoti, wachungaji wamejazana mlangoni, malaika wananing'inia juu, nguo zao zimejaa mikunjo kana kwamba upepo unavuma ndani ya mbao. Posta za huko hupenda kuyachapa kwenye stempu za Desemba. Huku Lualaba, Kongo, Baroko ilifika zamani pia, ila haikuja kama pango. Ilikuja kama kiti.

Wareno waliingia Angola na viti vyao vya mgongo mrefu, vyenye ngozi na misumari ya shaba ya manjano. Mafundi wa Kichokwe wakavitazama, kisha wakawachongea machifu wao vya kwao. Mreno alitosheka na mapambo, lakini Mchokwe hakukubali ubao wowote ukae mtupu. Kwenye vipande vinavyounga miguu ya kiti alipanga watu wadogo wadogo: vijana wa mukanda (jando lao), wawindaji, wapagazi, mwanamke anayejifungua huku wenzake wamemshika. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Wachokwe walisukuma kaskazini na mashariki, wakaitikisa himaya ya Walunda ambayo kiti chake kiko Musumba, ndani ya mkoa huu huu. Ufundi ukasafiri nao. Mimi naona kwamba mama yule wa kwenye kiti yuko karibu na Bethlehemu kuliko malaika wengi wa dhahabu.

Stempu za Kongo zilianza Januari 1, 1886, zikiwa na uso wa Mfalme Leopold II, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo. Huku Lualaba reli ilipita Kolwezi mwaka 1931 kuelekea Dilolo na bahari ya Angola, na mji wenyewe ukaanzishwa 1937 kwa ajili ya shaba ya kampuni ya Union Minière. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Wabelgiji ilichapa vinyago na sanamu za Kongo kwenye stempu. Zilikuwa nzuri, sibishi. Jina la aliyechonga halikuwemo.

Noeli ya 1959 ilipata stempu yake: Mama Maria na Mtoto, kwa bei tatu, santimu 50, faranga 1 na faranga 2. Hapo Kongo iliitangulia Marekani, iliyongoja hadi 1962, na Uingereza, iliyongoja hadi 1966. Ilikuwa Noeli ya mwisho ya mkoloni, kwa kuwa uhuru ulikuja Juni 30, 1960.

Siku 11 baadaye mwanasiasa Moise Tshombe akaitenga Katanga, mkoa ambao Lualaba ilikuwa sehemu yake. Dola mpya hutaka bendera, pesa na stempu, na stempu ndiyo rahisi kuliko vyote: wakachukua shehena ya Wabelgiji na kuigonga neno KATANGA juu yake. Mwaka 1961 zikatoka zao wenyewe, na picha walizochagua zilikuwa michongo ya mbao ya Katanga, watu na shughuli za nyumbani. Hakuna nchi iliyoitambua Katanga rasmi, lakini barua zake zilifika Ulaya. Kolwezi ndiyo iliyokuwa ngome ya mwisho. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Januari 21, 1963, na dola ile ikawa mali ya wakusanyaji wa stempu.

Kisha ikaja zamu ya Rais Mobutu. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, na 1974 Desemba 25 ikaondolewa kwenye sikukuu za serikali, ikawa siku ya kazi kama nyingine. Watu waliendelea kuisali Noeli, maana amri ya Kinshasa haifungi mlango wa moyo. Sikukuu ilirudi baadaye, lakini wakati huo posta yenyewe ilikuwa inachoka. Mgodi wa Kamoto ulioporomoka Septemba 1990 uliivunja mgongo Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, pesa ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikayeyuka, na stempu za zamani zikagongwa bei mpya juu ya bei ya zamani. Mwenye barua akajifunza kumkabidhi abiria au dereva wa lori.

Leo Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, na dunia nzima inaijua kwa kobalti. Mikono inayojua mbao haijaisha. Siku posta ya Kongo itakapotoa tena stempu ya Noeli, isiende kuazima pango la Ulaya. Itafute mchongo wa huku, na chini yake iandike jina la aliyeuchonga.