Vileja

Vileja (umoja: kileja) ni biskuti za unga wa mchele zinazopikwa Zanzibar na kwingineko mwambao wa Waswahili, hasa kwa Idi. Samli na sukari hupigwa hadi zilainike, kisha hutiwa unga na hiliki. Kwa kuwa unga wa mchele hauna gluteni, donge halivutiki: huviringwa kiganjani, hubonyezwa taratibu, likatiwa nakshi kwa uma au chapa na kitone cha rangi katikati. Chapa ikizama mno, kingo hupasuka. Moto uwe mdogo. Kileja kizuri hutoka kingali cheupe, kikamumunyuka mdomoni. Tofauti na vileja, maamuli, biskuti za Uarabuni zenye tende ndani, hushindiliwa katika kibao kilichochongwa maua, kisha kibao hugongwa mezani biskuti idondoke na nakshi yake kamili.