Bustani na Viwanja vya Kericho

Bustani na viwanja vya Kericho ni mahali pa mapumziko, michezo na mikutano ya raia katika mji huo wa magharibi mwa Kenya uliozungukwa na mashamba ya chai, na wenyeji wa Sosiot, mji mdogo wa Belgut ulio jirani, huvitumia pia.

Iliyo mashuhuri zaidi kwa uzuri ni bustani ya miti ya Chagaik, karibu na njia ya Nakuru, ambayo mkulima wa chai Tom Grumbley aliianzisha baada ya Vita Vikuu vya Pili, akapanda miti ya kienyeji na ya ng'ambo hata ukingoni mwa ziwa dogo lililotandwa na mayungiyungi, ambapo aghalabu mbega huonekana wakiruka tawi hadi tawi.

Kwa upande wa michezo upo uwanja wa Kericho Green, ulioandaa sherehe za Siku ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba 2023. Na kwa hakika eneo la Kericho ndilo lililomzaa mwanariadha Wilson Kiprugut, ambaye kwa nishani ya shaba ya mbio za mita 800 huko Tokyo mwaka 1964 alikuwa Mkenya wa kwanza kupata nishani ya Olimpiki.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, bustani na viwanja vya burudani viko chini ya serikali za kaunti. Navyo ni amana ya umma, na kuvitunza ni wajibu wa kila raia.