Kufuli Ndani ya Diski

Historia ya Bagamoyo tuliyofundishwa shuleni ni ya pembe za ndovu, watumwa na misafara iliyoshuka pwani ikitokea bara. Ni historia nzito na sina ugomvi nayo. Ila leo nakuomba ukae nami Msata, pale barabara ya Bagamoyo inapokutana na ile ya Chalinze kwenda Segera, tuzungumze historia ya kitu kisichofika hata gramu 20: diski ya sinema.

Tuanzie mbali kidogo. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994. Je, watu walikaa bila sinema? Thubutu! Zilikuwepo kanda na mabanda ya kideo, mabenchi ya mbao, na gunia dirishani kuzuia mwanga. Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kuzisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, hata mzee asiyejua neno la Kiingereza akawa anatoka anajua nani kamsaliti nani. Baadaye zikaja diski. VCD ilibeba saa moja na dakika kidogo tu, ndiyo maana sinema moja ilikuwa na diski mbili. Utamu unakolea, mtu anainuka kubadilisha!

DVD, iliyotoka Japani mwaka 1996, ikamaliza kero hiyo. Tabaka moja lilibeba gigabaiti 4.7, sinema nzima bila kuinuka. Lakini ilikuja na kitu ambacho VCD haikuwa nacho: kufuli. Picha zilivurugwa kwa hesabu za siri, na ufunguo wakapewa watengenezaji wa deki na programu waliotia saini mkataba. Ukinunua diski yako kwa jasho lako, ukaitia kwenye kompyuta yenye programu isiyo na mkataba, huoni kitu.

Mwaka 1999 kijana wa Norwei, Jon Lech Johansen, akiwa na miaka 15, akatoa yeye na wenzake programu ya kulifungua kufuli hilo. Akashtakiwa. Mwaka 2003 akaachiwa huru, Januari kwenye kesi ya kwanza na Desemba kwenye rufaa. Mahakama iliona kwamba mtu ana haki ya kutazama diski aliyoinunua kihalali.

Ufaransa nako, wanafunzi wa École Centrale Paris walikuwa wameanza mwaka 1996 mradi wa kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao. Februari 2001 msimbo wa mradi huo ukatolewa kwa leseni huria: yeyote ausome, aurekebishe, augawe. Hiyo ndiyo VLC, ile yenye alama ya koni la barabarani. Kijana gani aliyekaa kwenye kibanda cha kuchomea sidii asiyeijua? Faili likigoma, jibu la fundi lilikuwa moja: “Weka VLC.”

Mwaka 2006 ikaingia sokoni Blu-ray. Siri yake ni leza. Leza ya DVD ni nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650. Ya Blu-ray inaelekea rangi ya zambarau, nanomita 405. Kalamu yenye ncha nyembamba huandika herufi ndogo, na ukurasa ukabeba maneno mengi zaidi. Ndivyo diski ya ukubwa uleule ilivyoweza kubeba gigabaiti 25, au 50 kwa matabaka mawili. Picha ikawa safi, unahesabu hata nywele za stelingi. Mpinzani wake, HD DVD, alinyoosha mikono Februari 2008 Toshiba ilipojitoa.

Sasa ikabidi VLC ifundishwe kuicheza. Kazi ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza mpangilio: ndani ya diski sinema imekatwa vipande, na ipo orodha inayosema kipi kitangulie. Pili menyu, ambazo mara nyingi ni programu ndogo za Java. Tatu kufuli, liitwalo AACS, gumu kuliko lile la DVD. Waandishi wa kujitolea wakatunga libbluray ya kusoma mpangilio huo. Februari 2012 VLC 2.0 ikatoka ikiweza kucheza Blu-ray kwa majaribio. Menyu zikasubiri VLC 3.0 ya Februari 2018.

Na kufuli? Hapo ndipo penye mfupa. Msimbo wa programu huria uko wazi kama kiganja. Ukificha ufunguo humo, kila mtu anauona. Tena wenye AACS wanaweza kuufuta ufunguo uliovuja, na diski mpya zikaukataa. Kwa hiyo VLC hugawiwa bila funguo. Mafundi wamechonga mlango na kupaka bawaba mafuta, lakini ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Niwe mkweli. Mimi naota kuandika riwaya, na siku nitakapoikuta nakala ya wizi imetandazwa chini kituoni nitalia. Basi kwa nini nisilipende kufuli? Kwa sababu nimeona lilivyofanya kazi. Sinema zenye kufuli zilifika Msata hata hivyo, nyingi zimebanwa ndani ya DVD moja kwa bei ya kutupa. Mwizi alipata njia. Aliyebaki nje ni mnunuzi mwaminifu, na pamoja naye mtu anayetaka kutunza kazi kwa ajili ya watoto wetu.

Hili la kutunza ndilo linaloniumiza. Blu-ray haikuota mizizi kwetu; sinema zetu zilitoka kwa kanda, VCD na DVD. Steven Kanumba alifariki Aprili 2012, miezi miwili tu baada ya VLC 2.0 kutoka. Diski za enzi zake zimo makabatini zinachubuka, na kompyuta nyingi mpya hazina hata tundu la diski. Miaka thelathini ijayo, mjukuu akitaka kujua bibi yake alicheka nini, atazifungua kwa kitu gani? Kampuni hufa na mikataba huisha. Msimbo ulio wazi una nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa yeyote anayeweza kuusoma anaweza kuufufua.

Sisi tunaoandika tunaogopa kuibiwa, na ni haki yetu. Lakini kuna mauti nyingine ya kazi ya sanaa: kuwepo, ikawa hakuna awezaye kuifungua. Kama nyumbani kwenu lipo boksi la diski za zamani, usilitupe. Futa vumbi, waulize wenyewe ruhusa, zihamishe kabla hazijanyamaza. Babu zetu walituachia hadithi midomoni, zisizo na kufuli, na mpaka leo tunazisimulia.