Kung'atuka Uwanjani: Busby, Shankly na Wazee wa Timu

Tunalo neno moja zuri katika Kiswahili chetu, nalo ni kung'atuka. Asili yake ni Kizanaki, na aliyelitia vinywani mwa watu wote ni Mwalimu Julius Nyerere alipoacha urais mwaka 1985. Kung'atuka si kufukuzwa wala si kushindwa. Ni mtu mzima kuinuka kitini kwa hiari yake, akampisha mwingine, na heshima yake akabaki nayo.

Sasa lichukue neno hilo ulipeleke kwenye uwanja wa kandanda, uone kazi yake. Mchezaji wa mpira anaitwa mzee akiwa na miaka 32. Katika kazi nyingine yoyote huyo bado ni kijana, pengine ndiyo kwanza anaoa. Lakini ujana ni moshi, ukienda haurudi, na kwa mchezaji moshi huo hupaa mapema. Naye mwenyewe huwa wa mwisho kuuona. Kichwa bado kinamwambia mpira utadondoka wapi. Ni miguu tu inayofika imechelewa. Mashabiki nao wanampenda kwa mabao ya zamani. Basi nani atamwambia? Na akishaambiwa, nani atavaa jezi yake?

Ndugu msomaji, swali hilo limewahi kujibiwa kwa namna mbili katika miji miwili jirani ya Uingereza, Manchester na Liverpool, karibu wakati mmoja. Waliolijibu walikuwa mameneja wawili wa Kiskoti, wote watoto wa vijiji vya wachimba makaa ya mawe: Matt Busby wa Manchester United na Bill Shankly wa Liverpool. Mmoja alilijibu vibaya ingawa ndiye aliyewahi kulijibu vizuri kuliko wote. Mwingine alilijibu kwa kuchelewa, lakini alilijibu.

Tuanze na Busby. Mtu asije akadhani kwamba mzee huyu hakujua kupanda miche mipya. Mwaka 1952 United ilitwaa ubingwa wa ligi kwa timu ya watu wazima walioanza kuchoka. Busby hakungoja waanguke. Aliingiza vijana mmoja baada ya mwingine, na kufika 1956 na 1957 vijana hao walikuwa mabingwa mara mbili mfululizo. Kisha ikaja tarehe 6 Februari 1958. Ndege iliyowabeba ilianguka Munich ikijaribu kuruka, wakafa watu 23, wanane kati yao wachezaji. Busby mwenyewe alilazwa akiwa mahututi, akaombewa kama mtu anayekwenda. Alipona, akaanza upya.

Miaka kumi baadaye, tarehe 29 Mei 1968, United iliifunga Benfica 4-1 katika dakika za nyongeza, ikawa klabu ya kwanza kutoka England kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Uwanjani walikuwamo wawili walionusurika Munich: Bobby Charlton, aliyefunga mabao mawili siku ile, na beki Bill Foulkes. Foulkes alikuwa na miaka 36. Katika nusu fainali, kule Madrid, ni yeye aliyepanda mbele na kufunga bao lililowapeleka fainali.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu ametoka nawe kwenye mabaki ya ndege. Amezika wenzake. Amekungoja miaka kumi, akakuletea kikombe ulichokitafuta hadi ukakaribia kufa. Utamwendea vipi umwambie, bwana Foulkes, umezeeka? Wengi wetu tungenyamaza. Busby naye, kwa kiasi kikubwa, alinyamaza.

Lakini miaka haikunyamaza. Charlton alikuwa anaingia miaka 31. Denis Law, mfungaji wao hatari, hakucheza fainali ile kwa sababu ya goti. George Best alikuwa na miaka 22 tu, na kwa misimu kadhaa iliyofuata ndiye aliyeibeba timu karibu peke yake. Mzigo huo nao haukumfaa. Timu iliyokwisha kufika kileleni haikuandaliwa warithi wa kutosha. Msimu wa 1968/69 mabingwa wa Ulaya walimaliza ligi wakiwa wa 11. Misimu mitatu iliyofuata wakawa wa 8, wa 8, na tena wa 8. Si maafa, unaona? Ni nafasi ya kukufanya useme, mwakani mambo yatatengemaa. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na ufa wa United ulikuwa wa aina ile inayofunikwa na picha za vikombe ukutani.

Busby alitangaza kuacha umeneja mwaka 1969. Lakini je, aling'atuka? Alibaki klabuni kama meneja mkuu, na kazi ya kila siku akapewa Wilf McGuinness, mwenye miaka 31. McGuinness alikuwa rika moja na Charlton; walikua pamoja katika timu ya vijana ya klabu hiyohiyo. Tazama mtihani aliopewa kijana wa watu: awaambie rafiki zake wapumzike, huku baba wa wote yupo ofisi ya jirani. Agosti 1969 alijaribu. Aliwaacha nje Charlton na Law, mji mzima ukashtuka. Desemba 1970 akaondolewa yeye, na Busby akarudi kushika usukani kwa muda. Akaja Frank O'Farrell, naye hakumaliza miaka miwili. Kazi ya kubadilisha timu aliyoiacha mwenye mamlaka ikawa inatupiwa watu wasio na mamlaka.

Sasa twende Liverpool. Shankly alifika pale Desemba 1959, klabu ikiwa Daraja la Pili. Mwaka 1961 alisajili watu wawili kutoka Scotland: beki wa kati Ron Yeats, jitu ambalo Shankly aliwaalika waandishi wa habari wamzunguke wajionee wenyewe, na mshambuliaji Ian St John. Golini alisimama Tommy Lawrence. Mbele alikuwapo Roger Hunt, ambaye mabao yake 244 ya ligi hayajapitwa na mchezaji yeyote wa Liverpool mpaka leo. Kwa watu hao klabu ilipanda daraja 1962, ikawa bingwa 1964, ikatwaa Kombe la FA kwa mara ya kwanza katika historia yake 1965, kwa bao la ushindi la St John, na ikawa bingwa tena 1966.

Halafu kimya. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu, hakuna kikombe. Walikuwa wanamaliza ligi karibu na juu, kwa hiyo ilikuwa rahisi kujidanganya. Shankly naye aliwapenda wachezaji wake kupita kiasi, akawapa muda zaidi ya ule uliowastahili. Hunt aliondoka kwenda Bolton Desemba 1969. Wengine wakabaki.

Tarehe 21 Februari 1970 Liverpool ilikwenda Watford, robo fainali ya Kombe la FA. Watford ilikuwa timu ya Daraja la Pili iliyokuwa inahangaika isishuke. Ikashinda 1-0, bao la Barry Endean. Watu wanaposimulia mechi ile husema kwamba usiku huohuo Shankly aliivunja timu yake. Ni kweli kwamba baada ya hapo Lawrence, Yeats na St John walipoteza namba zao. Lakini hadithi ikisimuliwa hivyo tu inatupotosha, maana inatufanya tudhani kilichohitajika ni hasira ya siku moja.

Hebu tuangalie aliwapa nani namba hizo. Golini aliingia Ray Clemence. Huyu alinunuliwa kutoka Scunthorpe mwaka 1967, akakaa timu ya pili zaidi ya miaka miwili, anajifunza, anasubiri. Katikati ya ngome akashika Larry Lloyd, aliyeletwa kutoka Bristol Rovers mwaka 1969. Emlyn Hughes alikuwapo tangu 1967, ameshazoea. Kwa maneno mengine, moyo wa Shankly ulikuwa haujakubali, lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kazi. Siku ya Watford ilipofika, ghala lilikuwa na mbegu. Busby siku yake ilipofika, ghala lilikuwa tupu. Mimi naona hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya klabu hizi mbili, kuliko ukali au upole wa mtu yeyote.

Baada ya hapo walikuja Steve Heighway kutoka Skelmersdale, timu ndogo isiyo ya kulipwa, na John Toshack kutoka Cardiff. Mei 1971 Liverpool ilicheza fainali ya Kombe la FA, ikafungwa na Arsenal 2-1. Clemence na Lloyd walikuwa na miaka 22, Toshack 22, Hughes na Heighway 23. Mwezi huohuo akasajiliwa kijana mwingine wa Scunthorpe, kwa bei isiyofika paundi 40,000. Jina lake Kevin Keegan.

Na bado kikombe hakikuja mpaka 1973, walipotwaa ligi na Kombe la UEFA kwa pamoja. Hesabu mwenyewe: kutoka 1966 ni miaka saba. Siku hizi ni klabu gani kubwa itamvumilia meneja miaka saba mikavu? Kupanga kuna gharama, na gharama yake kubwa ni subira ya wanaolipa mishahara.

Kuna gharama nyingine, nayo ni ya utu. Ian St John amesimulia kwamba siku aliyoachwa nje ya timu, kule Newcastle, hakuambiwa na Shankly. Alisikia kwa mtu mwingine. Miaka tisa ya jasho, bao la fainali, halafu habari inakufikia ukumbini kama uvumi! Shukrani ya punda ni mateke, wahenga walisema. Shankly, mtu aliyeweza kuhutubia uwanja mzima, alishindwa kusema sentensi moja kwa mtu mmoja. Hapa sioni cha kumtetea. Kumtoa mchezaji aliyechoka ni haki ya timu. Kumwambia uso kwa uso ni haki yake.

Tena umri peke yake si kipimo. Ian Callaghan alikuwa wa timu ileile ya zamani, winga. Mwaka 1970 alipasuliwa goti, wengi wakadhani basi tena. Aliporudi akahamishiwa katikati, mahali ambapo akili hufanya kazi kabla ya mbio. Alicheza hadi 1978, mechi 857 kwa jumla, rekodi ya klabu, na mwaka 1977, akiwa na miaka 35, alikuwa uwanjani Liverpool ilipotwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Kumbe kupanga si kufagia. Ni kumtazama kila mmoja kivyake: huyu apumzike, huyu ahamishwe namba, yule asubiri.

Majibu ya mitihani yote miwili yalitoka wiki moja mwaka 1974. Jumamosi ya tarehe 27 Aprili, United ilikuwa Old Trafford dhidi ya Manchester City, inapigania isishuke daraja. Law alikuwa amevaa jezi ya City, baada ya United kumwacha aende bure mwaka uliotangulia. Dakika za mwisho akaugusa mpira kwa kisigino, ukaingia. Hakushangilia. Matokeo ya viwanja vingine yalikuwa yanaishusha United hata bila bao lile, lakini watu wanakumbuka kisigino. Miaka sita tu baada ya kuwa bingwa wa Ulaya, United ikawa timu ya Daraja la Pili.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 4 Mei, Liverpool iliichapa Newcastle 3-0 fainali ya Kombe la FA. Keegan mawili, Heighway moja, Clemence golini.

Miezi miwili baadaye Shankly, akiwa na miaka 60, aliacha kazi mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Huyo aling'atuka kweli. Kiti kikachukuliwa na msaidizi wake Bob Paisley, aliyekuwapo klabuni tangu enzi za uchezaji wake, na katika miaka tisa akaleta ubingwa wa ligi mara sita na wa Ulaya mara tatu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini Shankly hakupata raha. Alikuwa anarudi uwanja wa mazoezi kuwatazama vijana wake, na wao bado wanamwita bosi, mpaka ikaonekana ni tatizo kwa Paisley, naye akaelewa kwamba hatakiwi. Jambo hilo lilimuuma hadi kifo chake mwaka 1981. Klabu iliyokuwa imejifunza kumwandaa anayeingia ilikuwa haijajifunza kumtengea mahali pa kukaa yule anayetoka.